Dakika Moja Kitini

Berea, Jumamosi mchana

Mwanangu,

Nakuita hivyo kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Uliponipa jina la mama yako, Feza, ulisema nyumbani kwako kuna mama mmoja tu, na mama huyo alikuwa bado hajaota meno. Watu wa kwetu Fizi, kule Kongo, wanaelewa. Hapa Johannesburg wanacheka. Siku ile ulipokuja shuleni kuchukua ripoti yangu ukaniita Mama mbele ya mwalimu, wenzangu walicheka hadi kengele ikalia, nami nikatazama viatu vyangu. Lakini kesho unasafiri, na anayesafiri huandikiwa na mzazi. Nina miaka kumi na saba, mzazi uliyebaki naye ni mimi, utavumilia.

Umekwenda Marshalltown kumpelekea fundi begi lenye zipu mbovu. Ukienda kwa fundi yule huwa hurudi upesi, maana lazima kwanza mmalize habari za Uvira yote. Kwa hiyo nina muda.

Habari za baridi ya Ujerumani sikuandikii. Wala za kuvaa soksi mbili, wala za kutompa mtu pasi yako ashike. Mama Furaha, jirani yetu msusi, amekwisha kukueleza hayo mara nne, tena huku akimsuka mteja, na mteja naye akaongeza yake. Nataka kukuandikia habari za Mzee Dakika, kwa sababu unakwenda kwake, na kwa sababu ya jambo nililowafanyia nyinyi wawili. Miaka miwili iliyopita nilikuficha kitu kilichokuwa chako. Jumatatu utakaa naye meza moja, na yeye anakijua. Sitaki ukijue kwake.

Nianze mbali kidogo. Najua huwezi kumsikiliza mtu anayeanza karibu.

Nilipofika kutoka Uvira baada ya kumzika mama, nilikuwa na miaka kumi na Kifaransa cha shule ya masista. Wewe ulikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo la michezo la chuo. Kila asubuhi ulikwenda kazini mbio, sare ikiwa kwenye mfuko mgongoni, ukavuka taa za barabarani, robot za hapa, zikiwa nyekundu na madereva wakikutukana kwa Kizulu. Hukuwa mwanariadha. Ulikuwa mtu asiyependa kuchelewa. Na Profesa, aliyekuwa akija kutoka Ujerumani kila mwaka kupima wakimbiaji wake kwenye mji huu ulioinuka juu, alikaa wiki nzima dirishani akikutazama. Hakuangalia ulivyokimbia. Aliangalia ulivyofika. Ulikuwa unasimama, unafungua mfuko, unavaa shati, na ulipofika kwenye kifungo cha juu pumzi yako ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyetoka kitandani.

Siku ya saba akashuka.

"Wewe," akakwambia, kwa mujibu wako, "moyo wako umejifunza wapi kukaa?"

Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha getini: "Bosi, mimi ndiye nasimama. Moyo unakaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya maisha, na hadi leo nadhani mimi na wewe tunaielewa kuliko baadhi ya maprofesa wenzake. Wengine walipima mtu akikimbia. Yeye alipima mtu akishaacha. Dakika ile ya kwanza, ukiwa kitini, bila kusema neno, moyo unashuka mapigo mangapi? Walinzi wenzako wakambandika jina Mzee Dakika, naye alipoelezwa maana yake aliliandika kwenye kadi mlangoni.

Nilipofika miaka kumi na moja ukaanza kunichukua Jumamosi. Unakumbuka chumba kile? Mashine ya kukimbilia, nyaya, kiti cha plastiki cheupe kama vile vya kanisani kwetu. Ulikuwa unakimbia juu ya mkanda, yeye anainua mkono, unashuka, unakaa. Halafu kimya. Msaidizi wake, kijana wa chuo, kila mara alikohoa au alisema "sharp", sawa ya vijana wa hapa, na Mzee akafuta kipimo chote kwa sababu mtu akisemeshwa moyo unajibu. Siku moja akamwondoa kijana yule akanipa mimi saa ya kubonyeza.

"Huyu mtoto anajua kunyamaza," akasema.

Nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa kitu kile. Shuleni kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Waliandika kwenye ripoti kwamba nijitahidi kusema. Pale kulikuwa ufundi. Nikawa mshika saa, kisha nikawa mkalimani, kwa sababu Kiingereza kiliniingia upesi, na wewe hukupenda kukisoma, ulipenda kukiongea tu. Baada ya zamu yako ulikuwa unawapokea wakimbiaji wengine na kuwakalisha kitini, kila mmoja ukimjua kwa jina.

Mzee alinieleza maisha yake kipande kwa kipande, wewe ukiwa bafuni unaoga. Ndiyo maana mengine huyajui, na ni vizuri uyajue kabla hujafika.

Baba yake alichimba makaa ya mawe chini ya ardhi. Akirudi alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango wa jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha hadi avue viatu. Mama yake alitazama saa ya ukutani. Mtoto alitazama kifua cha baba. Kila mwaka kifua kile kilichukua muda mrefu zaidi kutulia, na mtoto akajua kabla ya daktari. "Sikuchagua somo langu," aliniambia. "Nilikuwa nimekaa mbele yake."

Alijaribu kukimbia, akawa wa mwisho kila mara. Akafundisha michezo shule ya sekondari miaka mingi, watoto wenye kamasi puani. Alirudi chuoni akiwa mtu mzima, na alipotaja anachotaka kupima, wakamwambia hakuna aliyewahi kushinda medali kitini. Uprofesa aliupata nywele zikiwa zimeanza kuondoka. Kisha timu kubwa ya kwao ikamwita, na hapo ndipo alipokosea, kwa maneno yake mwenyewe. Kulikuwa na msichana mkimbiaji ambaye moyo wake ulikuwa haushuki vizuri. Akamwambia kocha. Kocha akasema mashindano yako karibu. Mzee akaandika ripoti nzuri, yenye michoro, akaiweka juu ya meza ya kocha, akaenda zake. Msichana alianguka mazoezini. Hakufa, lakini hakukimbia tena.

"Niliandika," Mzee alisema. "Nilipaswa kusema. Mtu mwoga hupenda karatasi."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikujua ananiambia mimi. Na tazama, leo nami nakuandikia karatasi. Najua.

Nikukumbushe na siku aliyokuja hapa kwetu. Lifti imekufa tangu zamani, naye akapanda orofa sita kwa miguu, akafika mlangoni akiwa mwekundu kama nyanya, akavuta kiti bila kusalimia mtu na kuweka vidole viwili shingoni mwake. Mama Furaha akatoka na kitana mkononi.

"Baba Feza, mgeni wako anakufa?"

"Hapana, anajipima."

"Ajipime baada ya chai. Kwetu mgeni husalimia."

Dakika ilipokwisha, Mzee akasimama, akaomba radhi, kisha akaomba ampime na yeye. Mama Furaha akampa mkono. "Atafute tu," akasema. "Wanaume wote wa Uvira waliutafuta moyo huu wakakosa. Labda mzungu ana mashine." Nilikataa kulitafsiri. Wewe ukalitafsiri, kwa mikono, na Mzee akacheka hadi akalazimika kukaa tena.

Na wewe ukafanya unavyofanya siku zote. Ukamuuliza hali ya safari, hali ya nyumbani, goti lake, mvua ya kwao, kisha mama yake. Mzee akasema mama yake alikufa miaka kumi iliyopita. Ukasema, "Pole sana. Na amelala vizuri?" Nikatafsiri nikiona aibu, maana nilijua swali hilo Kiingereza hakina mahali pa kuliweka. Mzee akasema kwamba ndiyo, amelala vizuri, kwenye kilima, na kwamba wewe ni mtu wa kwanza kumuuliza. Tangu siku hiyo kila barua yako kwake ilianza na mama yake. Ulikuwa unaniamuru, mimi naandika: umsalimie mama pale kilimani. Kisha goti. Kisha mvua. Mambo yenyewe yalikuja chini kabisa, yamejibana, kama abiria wa mwisho.

Mimi nilichoka na salamu zile. Nikueleze ukweli wote. Shuleni walinifundisha kwamba barua nzuri ya Kiingereza inakwenda moja kwa moja kwenye jambo. Niliona wewe unanitia aibu mbele ya mtu msomi.

Sasa nafika.

Ilikuwa Jumapili, nilikuwa na miaka kumi na mitano, Mzee alikuwa hajaja mwaka ule. Wewe ulikuwa unapiga pasi sare. Barua pepe ikaingia kwenye simu yangu, ndefu.

"Mama, soma. Mzee anasemaje?"

Nikasoma. Anakusalimu. Goti linasumbua. Mti wake wa matufaha umepata ugonjwa. Halafu kulikuwa na aya nzima ambayo macho yangu yaliisoma, mdomo wangu ukaipita. Ilisema atastaafu baada ya muda si mrefu. Ilisema kabla ya kuondoka angeweza kukuweka kwenye maabara yake kule, kazi ya kudumu, msaidizi wa vipimo, kwa sababu hajaona mtu anayejua kumkalisha mkimbiaji kitini akatulia kama wewe. Ilisema angetengeneza makaratasi, uanze peke yako, na mimi nikufuate nikimaliza shule. Ilisema asipopata jibu mwezi ule, nafasi itakwenda kwa mwingine.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

Ukageuza mkono wa shati. "Barua zake zimekuwa fupi siku hizi. Uzee."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nikisema nilikuogopea baridi nitakuwa nadanganya tena. Nilijiogopea mimi. Wewe unadhani mimi ndiye mdomo wako kwa sababu ya Kiingereza, lakini nani anaongea na mwenye nyumba? Nani anaongea na yule wa spaza nikitaka kurudisha maziwa yaliyoharibika? Mimi nikiulizwa jina langu kaunta, nakutazama wewe ujibu. Niliona miaka mitatu humu ndani bila wewe na sikuweza hata kuifikiria. Basi usiku hata haujaingia nikamjibu. Mistari miwili, safi, kama tulivyofundishwa. Asante kwa nafasi. Kwa sababu za kifamilia siwezi kuipokea. Nikaweka jina lako chini.

Akajibu neno moja, kwamba ameelewa. Kisha kimya.

Wewe ukaendelea kuuliza. "Mama, Mzee hajaandika?" Kila Jumapili, kisha kila mwezi, kisha ukaacha, na kuacha kwako kuliniuma kuliko kuuliza. Kule chuoni wakabeba mashine. Geti likapewa kampuni nyingine ya ulinzi, wewe ukapata kazi ya kulinda uwanja wa magari Marshalltown, kusimama kwa saa kumi na mbili mfululizo. Sikukuona tena ukikimbia. Viatu ulivitia kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, ukafunga fundo.

Ukirudi asubuhi unakaa kwenye kiti kile cha karibu na mlango, viatu havijavuliwa. Mimi najitengeneza kwenda shule. Mwaka jana nikaanza kutazama mshipa wa shingo yako. Nilikuwa na saa mkononi, na kazi ile nilifundishwa vizuri. Orofa sita tu, mtu aliyekuwa akivuka nusu ya mji, na dakika inakwisha mshipa bado unaruka. Nikahesabu kesho yake. Nikahesabu wiki nzima, nikaandika nyuma ya daftari la hesabu. Nikakumbuka mtoto wa mchimba makaa, na kwamba yeye hakuwa na la kufanya. Mimi nilikuwa nalo.

Nikamwandikia Mzee. Peke yangu, kwa jina langu. Nikamweleza barua ile ilikuwa yangu, nikamwekea na namba za shingo yako.

Alijibu kesho yake. Alisema alijua. Aliposoma mistari ile miwili alijua si yako, kwa sababu mama yake hakusalimiwa. Alisema, "Baba yako angeweza kunikatalia, lakini asingenikatalia kabla ya kuuliza kama mama amelala vizuri." Kisha akasema lake, na hili nataka ulisome polepole. Alisema alijua na hakupiga simu. Alidhani nyumbani kwetu kuna jambo, akaona haya kuuliza, akajibu neno moja, akarudi kwenye karatasi zake. "Ni mara ya pili," aliandika.

Kazi haipo tena, mwanangu. Maabara ni ya watu wengine. Alichonacho ni chumba, na makasha ya vipimo vya miaka yote, ambamo watu wa Johannesburg wameandikwa kwa namba tu, na anasema wewe unawakumbuka kwa majina. Na ana mwanafunzi wake wa zamani, sasa daktari wa moyo, atakayekuangalia. Miezi mitatu. Mwaliko huo aliuandika kwenye barua ya pili, nayo ndiyo niliyokusomea nzima, kila neno, ukaniambia, "Unaona, Mama? Mzee hakunisahau." Nikasema ndiyo. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nilimuuliza kama atakwambia. Akasema hatakwambia, ila ukimuuliza hatakudanganya. Na wewe utamuuliza, nakujua. Utaanza na mama yake, goti, mvua, na chini kabisa, polepole, utauliza kwa nini alinyamaza miaka miwili.

Wiki nzima nimejaribu kusema kwa mdomo. Leo asubuhi ulikuwa unakoroga chai ukanitazama.

"Mama, una neno?"

"Sukari imeisha," nikasema. Haikuwa imeisha. Ukashuka orofa sita ukanunua nyingine, na mshipa wako nikauhesabu uliporudi.

Ushauri wa mzazi, basi, nilionao ni mdogo. Mtu akikusomea barua, mwombe aisome mara mbili, hata kama ni mtoto wako. Mtu akinyamaza, usidhani ametulia; mimi nilinyamaza vizuri kuliko wote na ndani nilikuwa bado nakimbia. Na ukiwa kwa Mzee usijifanye mzima. Mwache daktari ahesabu. Kama ni kubaki zaidi ya miezi mitatu, baki. Kwa mwenye nyumba nimekwenda mwenyewe juzi, nikasema jina langu, nikasema na la kwako, nikasema kuanzia sasa aongee na mimi. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Barua hii nimeitia mfuko wa ndani wa koti, chini ya karanga za Mama Furaha. Najua hutazifungua hadi ndege ipae. Huko juu huwezi kushuka, wala huwezi kunipigia. Nimelichagua hilo kwa makusudi, na nalo ni uoga, nalo nimeliandika.

Viatu vyako vya kukimbilia viko chini kabisa ya mzigo. Fundo nimelifungua.

Ukifika uwanja wa ndege, Mzee atakuwa amesimama nje na fimbo yake. Mwache asubiri kidogo, amezoea kusubiri moyo wako ushuke. Tafuta kiti kabla hujatoka. Kaa. Usimjibu mtu. Weka vidole viwili shingoni, uhesabu dakika nzima. Halafu nipigie.

Hapa nami nitakuwa kitini, simu magotini, Mama Furaha nitakuwa nimemwomba asiniongeleshe. Huwa unaniita Feza ukinikasirikia tu, na mara hizo ni tatu, nazikumbuka zote. Usinionee huruma, wala usichague neno la kunifariji. Niite linalokujia. Nitalisikia kabla ya mengine yote, na nitajua kama bado naruhusiwa kukuita ulivyoitwa juu ya karatasi hii.

Umsalimie mama yake, pale kilimani. Uulize kama amelala vizuri. Safari hii ni mimi ninayeuliza.

Feza